Farasi Aliyesimama kwa Harufu ya Baruti

Mdogo wangu Buazza alizaliwa na shaka. Mama alikuwa akisema kwamba siku ya kwanza alipopewa titi alilitazama, akamtazama mkunga, akalitazama tena, ndipo akanyonya. Nimekaa naye nyumba moja tangu mume wangu afariki, miaka kumi na minane sasa, na naweza kusema Mama hakutia chumvi. Buazza akichota unga huchora alama kwa kidole juu ya unga uliobaki, ajue kama kuna mkono mwingine umepita. Akiletewa chai huinusa. Bintiye Kaltum alipoposwa, alikwenda mwenyewe hadi kijijini kwa wale wachumba, akajifanya mnunuzi wa kondoo, akashinda sokoni kutwa nzima akiwachokonoa watu habari za kijana. Alirudi na kondoo asiyemhitaji na habari kwamba kijana hana neno. Hata hivyo alikataa kutoa jibu kwa wiki mbili zaidi, kwa sababu, alisema, haiwezekani kijiji kizima kimsifu mtu bure.

Kiumbe mmoja tu hakutiliwa shaka na Buazza, naye ni farasi wake, Lashhab. Aliniambia siku moja tukipukuchua maharage: "Dada, farasi hajui kuweka kitu moyoni. Akitaka kukupiga teke anakupiga, yameisha." Nikamwambia basi na mimi nitaanza kumpiga mateke, huenda ataniamini. Hakucheka.

Buazza ndiye mukadam, yaani kiongozi, wa kikosi chetu cha baruti kinachocheza kwenye sherehe. Maana yake ni kwamba hukaa katikati ya mstari wa wapanda farasi kumi na watano, na ukelele wa kuamuru kupiga ni wake. Farasi wanakwenda mbio bega kwa bega, bunduki zinainuliwa, na zote zinatakiwa kulia kwa mkupuo mmoja, kama mlango mmoja uliobamizwa. Mlio ukitoka vipande vipande uwanja mzima unacheka, na kicheko hicho hukaa kijijini hadi mwaka unaofuata. Miaka yote Buazza alimpanda Lashhab. Alimfundisha mwenyewe tangu mtoto: kila asubuhi alichoma baruti kidogo karibu na pua zake, na mnyama akiwa amelala alitakiwa ainuke. Baruti kwanza, shayiri baadaye. Farasi wa kikosi akikutwa chini huku bunduki zinalia, bwana wake hana pa kuficha uso. Baada ya mwaka mmoja Lashhab alikuwa akisikia mlio hata kutoka kijiji cha pili anasimama wima, masikio mbele, hata kama yuko peke yake bandani.

Ninayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyotuponza.

Mwaka huu, shayiri ilipokuwa inavunwa, Lashhab alianza kulala mchana. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mbavu zilikuwa zikihesabika, meno yamekwisha, na kwato za mbele ukizigusa zilikuwa za moto. Akitembea alikuwa akijirudisha nyuma, uzito wote kwenye miguu ya nyuma, kama mtu anayekanyaga mchanga wa adhuhuri bila viatu. Buazza alisema ni uchovu wa joto. Nilipomkumbusha kwamba joto lenyewe halijaja bado, akasema basi linakaribia.

Mwishowe akamwita daktari wa mifugo kutoka mji wa soko, binti mmoja anaitwa Ibtisam, mwembamba, mikono yenye nguvu kuliko ya fundi chuma. Aliingia bandani, akamwamkia Lashhab kabla hajatuamkia sisi.

"Ana umri gani?" akauliza.

"Anakula vizuri," akajibu Buazza.

"Sikuuliza hilo, ami."

"Ishirini na sita," nikasema mimi. Buazza akanikata jicho kana kwamba nimetoa siri ya serikali.

Daktari akabana ukwato kwa koleo, polepole. Lashhab akauvuta mguu na kuguna. Akabana na wa pili, ikawa vilevile. Kisha akasema, bado amechuchumaa:

"Mfupa ulio ndani ya ukwato umeachia mahali pake, unashuka. Kwa umri huu haurudi. Akilala anapumua kidogo. Akisimama, uzito wote unaangukia pale penye kidonda. Nitakuachia dawa ya kutuliza, itasaidia siku chache. Lakini ami, ni bora uanze kufikiria siku."

"Siku ya nini?"

"Ya kumpumzisha. Kwa sindano. Hatasikia kitu."

Buazza akamtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani. Mimi namjua, machale yalikuwa yameshamcheza.

"Nani amekutuma?"

"Umeniita wewe mwenyewe, ami."

"Nimekuita uje umtibu. Nauliza nani amekutuma useme afe."

"Hakuna aliyenituma."

"Umri uko kwa Mungu, binti."

"Ndiyo. Ila maumivu haya tunaweza kuyapunguza sisi."

Buazza alimwacha pale. Aliingia ndani, akarudi na bunduki yake ndefu yenye marembo ya fedha, akamimina baruti, akashindilia, akatoka uani na kupiga juu. Kuku walitawanyika, na wifi yangu Yamna akapiga kelele jikoni kwamba maziwa yamemwagika. Ndani ya banda, Lashhab alisimamisha masikio. Alitupa kichwa, akajikusanya, akasukuma mara moja, mara mbili, akasimama. Alisimama wima, shingo juu, misuli ya mapaja inatetemeka.

"Maiti wako huyo!" akasema Buazza. "Msalimie!"

"Ami, huko kusimama si..."

"Nimesema ahsante, binti. Dada atakupa mayai uende nayo."

Ndivyo alivyo. Hata akimfukuza mtu hukumbuka mayai, na wewe unayetaka kumgombeza unapungukiwa na neno. Nami nikiri: nilipomwona Lashhab amesimama vile, nilifurahi, na nikamtolea yule binti mayai madogo.

Siku mbili baadaye gari la mizigo likasimama langoni. Akashuka mtu mwenye kofia safi mno kwa mtu wa mifugo. Alisema anatafuta farasi wazee, ana shamba karibu na bahari, huwaacha wale majani mabichi mpaka siku zao ziishe. Kila mtu kwetu analijua shamba hilo, liko kwenye ndoano za bucha mjini.

"Nani kakwambia hapa pana farasi mzee?" Buazza akauliza.

"Watu wanasema, bwana."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Buazza alichukua uma wa majani, na yule mtu aliruka ndani ya gari lake kabla hajamaliza kutuaga. Lakini mbegu ilikuwa imeshaanguka pahali pake. Jioni hiyo, tukila, Buazza aliweka kijiko chini akaanza kuhesabu kwa vidole. Daktari amesema afe. Siku mbili baadaye anatokea mwenye bucha. Nani anafaidika? Kidole cha kwanza ni Miludi, mtoto wa binamu yetu, anayekaa mkono wake wa kulia katika mstari. Mukadam bila farasi ni nani? Si mtu. Miludi atachukua ukelele. Kidole cha pili...

"Sema," akasema Yamna. "Kidole cha pili ni mimi."

"Sijasema."

"Unanitazama mimi."

"Wewe ndiye unayemchotea maji kila siku. Mgongo unakuuma, umesema mwenyewe."

"Mgongo unauma, ndiyo! Sasa nikiumwa mgongo naua farasi? Ningekuwa muuaji, baba Kaltum, ningeanza na aliye karibu."

Tangu siku ile shayiri ikafungiwa kwa kufuli. Kabla ya kumpa Lashhab, Buazza aliitafuna kwanza yeye mwenyewe, punje kumi hivi, anangoja, anasikiliza tumbo. Maji aliyaonja pia. Yamna akamuuliza, "Na mimi utanionja lini?" Na kwa kuwa kila siku alitaka kuhakikisha kwamba sumu haijapita, alipiga bunduki asubuhi, kisha akapiga tena alasiri. Kila alipopiga, Lashhab alisimama. Kila aliposimama, Buazza alitoka bandani uso umekunjuka, akiwatazama watu wa njiani kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu uwanjani pakanyamaza.

Uwanja wa mazoezi uko nyuma ya nyumba yetu, shamba la pamoja lililokwisha kuvunwa. Sherehe za mwezi wa nane zilikuwa zinakaribia, na kikosi kilikuwa kikifanya mazoezi kila alasiri, bila mukadam wao, kwa sababu Buazza alikataa kupanda farasi mwingine. Siku ya nne baada ya yule mtu wa bucha, alasiri ilipita bila mlio hata mmoja kutoka uwanjani. Siku iliyofuata vilevile. Buazza alipanda juu ya paa, akaweka kiganja kwenye paji la uso, akawaona vijana wa kikosi wakiwa na farasi zao wanashuka kuelekea ng'ambo ya korongo, mmoja mmoja, wakipita nyuma ya uzio wa mipungate.

"Wanajificha," akasema aliposhuka. "Wamemfanya Miludi mukadam, wanafanya mazoezi kwa siri nisione. Unaona sasa, dada? Kuna mkono wa mtu hapa."

Nilitaka kumwambia aache upuuzi. Lakini mimi pia ni damu ileile, na nilikuwa nimeona kitu ambacho sikumwambia. Siku moja kabla mazoezi hayajahama nilimwona wifi yangu anatoka mlango wa nyuma, kikapu mkononi kimefunikwa kitambaa, anashuka kuelekea kwa kina Miludi. Nikamfuata kwa macho. Miludi alitoka, wakasimama chini ya mkuyu, Yamna anasema, mikono inakwenda huku na huku, Miludi anaitikia kwa kichwa. Akampa kikapu. Aliporudi nikamuuliza alikuwa wapi. "Kuazima chekeche," akasema. Mikononi hakuwa na chekeche.

Nilikaa nalo siku tatu. Kila nilipomwona Yamna anakanda mkate niliitazama mikono yake. Nilijiuliza mgongo wa mtu unaweza kuuma kiasi gani. Siku ya nne, Mungu anisamehe, nilimwambia Buazza.

Sipendi kukumbuka kelele za mchana ule. Buazza alisema maneno ambayo mume hamwambii mke aliyemzalia. Yamna alisimama katikati ya ua, unga hadi viwikoni, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tu: "Siku utakayotaka kujua, nenda kawaulize wenyewe." Akanigeukia mimi. "Na wewe, wifi, chekeche lilikuwa limekwishaazimwa na mtu mwingine. Usilale na njaa ya kujua." Hakuzungumza na yeyote kati yetu siku tatu nzima.

Katika siku hizo tatu za kimya ndipo nilipoingia bandani kumpelekea Lashhab maji mimi, badala ya Yamna. Lashhab alikuwa amelala. Nikaona nyonga yake imechubuka kwa kulala upande mmoja, nzi wametua, na nilipoinama kuwafukuza aliniegemezea kichwa gotini. Kilikuwa kizito ajabu. Nikatoka, sikumwambia mtu, nikamtuma muuza maziwa amwite daktari tena.

Alikuja. Buazza alimkuta tayari amepiga magoti bandani.

"Nani amemwita huyu?"

"Mimi," nikasema. "Na leo utamsikiliza, au bunduki hiyo naitupa kisimani."

Nadhani alishangaa tu. Aliiegemeza bunduki ukutani. Daktari akamwambia:

"Ami, nyama ya mnyama aliyepigwa sindano hii hailiwi na mtu wala mbwa. Ni lazima azikwe kina kirefu. Kama mimi ni mshirika wa mwenye bucha, basi nimemtia hasara."

Buazza akafikiri. Nilimwona analigeuza jambo lile huku na huku, analitafutia ufa, asiupate.

"Lakini anasimama," akasema. "Ana nguvu. Unataka nikuonyeshe?"

"Nionyeshe. Ila kwanza weka kidole hapa." Akamshika mkono, akamwekea vidole viwili juu ya kifundo cha mguu wa mbele, kwa nyuma. "Sikiliza damu. Umeisikia? Sasa mwambie dada apige."

Sikuwahi kupiga bunduki maishani mwangu. Nilipiga, nikaanguka kwa makalio kwenye jaa la samadi, na ningecheka kama ingekuwa siku nyingine. Lashhab aliinuka. Nilipofika mlangoni Buazza alikuwa bado ameshika kile kifundo, amepiga magoti mbele ya farasi wake, na uso wake umebadilika rangi.

"Inagonga," akasema. "Inagonga kama ngoma."

"Ndiyo hiyo, ni maumivu. Na shika shingo, utaona jasho. Hasimami kwa sababu ana nguvu, ami. Anasimama kwa sababu umemwamuru. Kwa siku mnampigia mara ngapi?"

Lashhab alikuwa amesimama bado, shingo juu, anangoja shayiri yake.

"Huniamini," akasema daktari. "Sawa. Kesho usipige. Usiingie bandani. Kaa mahali asipokuona, umtazame mwenyewe."

Hilo Buazza alilielewa, kuchungulia ni kazi anayoiweza. Kesho yake baada ya chai alibandua udongo kati ya mawe mawili ya ukuta wa banda, akaweka jicho. Nami nikapata tundu langu pembeni. Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka kivuli kikaja miguuni mwetu. Wapita njia walitusalimu, tukawajibu kwa mkono.

Kwa muda mrefu Lashhab hakufanya kitu. Alilala ubavu, pua juu ya vumbi. Ndoo ya maji ilikuwa hatua mbili kutoka alipokuwa. Aliitazama. Akakunja miguu ya mbele, akaziweka kwato chini, akaziondoa upesi. Akapumzika. Akajaribu tena, akaacha. Kisha akanyoosha shingo kuelekea ndoo, na ulimi ukaanza kulamba hewa. Mimi nilitaka kuingia, Buazza akanishika mkono. Hakuwa ananizuia kwa ukali. Alikuwa amenishika tu.

Ndipo vumbi la ukuta likamwingia Buazza kooni, akakohoa.

Masikio ya Lashhab yaligeuka papo hapo. Alitupa kichwa juu na kuanza kujikusanya, magoti, kifua, kwato zile za moto zikikwaruza sakafu. Hapakuwa na baruti wala mlio. Kilikuwa kikohozi cha Buazza tu. Aliinuka nusu, akaanguka, akainuka tena. Buazza alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili na kuondoka ukutani akikimbia, mtu wa miaka sitini na mbili, mpaka kwenye mipungate, na huko ndiko nilikomkuta ameketi chini.

"Hata mimi," akasema. "Dada, hata mimi ni baruti."

Nilikaa karibu naye.

Alasiri ile ile alivaa kanzu yake nzito, akavuka korongo kwa miguu. Nilimfuata, kwa sababu namjua, anaweza kwenda kuomba msamaha akarudi na ugomvi mpya. Kikosi kilikuwa kwenye kiwanja cha mawe nyuma ya kilima, ambako mlio haufiki kwetu, kibaya kabisa kwa farasi, na walipotuona wakasimama wote. Miludi akashuka. Ni mtu mzima wa miaka arobaini, lakini mbele ya Buazza hukaa kama amevunja sahani.

"Salamu alaikum, ami."

"Wa alaikum salamu. Mmehama."

"Tumehama."

"Uwanja wetu ni laini, huku ni mawe. Mtavunja miguu ya farasi. Kwa nini mmehama?"

Miludi akanitazama mimi, akatazama kofia yake. "Mama Kaltum alikuja kwangu. Alileta mikate, akaniambia kila tunapopiga, Lashhab anainuka kule bandani, na hakai chini mpaka tumalize. Siku ile tulikuwa tumepiga mara kumi na mbili, ami. Mara kumi na mbili. Tukaona haya."

Buazza alitazama mawe chini ya kwato za farasi wao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungesema natafuta kukupokonya kikosi."

"Ningesema," akakubali Buazza. "Nilishasema. Nimesema na mengine mabaya kuliko hilo, hujayasikia tu."

"Nimeyasikia. Muuza maziwa ana mdomo."

Mmoja wa vijana akacheka kwa nyuma, akajifanya anakohoa. Buazza hakugeuka. Alimshika Miludi bega, akaniambia mimi nisogee, lakini nilisogea kidogo tu, kwa hiyo nilisikia.

"Kesho kutwa," akasema. "Daktari atakuja asubuhi. Msipige popote siku hiyo, hata huku. Na nataka wewe umshike kichwa."

"Mimi? Ami, farasi ni wako."

"Nikiwepo atasimama. Atasimama juu ya kwato zile mbele ya sindano kwa sababu mimi nipo. Siwezi kuwepo."

Miludi akamshika mkono. Akasema ndiyo.

Buazza alirudi nyumbani, akaingia jikoni kwa Yamna, akafunga mlango. Sijui alisema nini humo. Jioni Yamna alinipitishia mkate mezani, bila neno lakini kwa mkono wa kulia, nikajua na mimi nimesamehewa nusu. Nusu ya pili nilimwomba mwenyewe tukiosha vyombo, akanimwagia maji usoni, yakaisha.

Asubuhi ya siku yenyewe Buazza alisimama langoni mapema sana kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ameshinda jana yake yote nje, anakula shambani, asije akasikika. Alianza kuninong'oneza maagizo.

"Angalia chupa ya dawa, isiwe imefunguliwa. Mtazame daktari mikono. Mtazame Miludi asimbane pua. Kama kuna gari limesimama barabarani, uliza ni la nani. Na shimo, pima wewe mwenyewe, vijana wanaweza kusema kina kirefu kumbe..."

Akasita. Alitazama ukuta wa banda.

"Acha," akasema. "Usitazame kitu. Mwacheni tu alale."

Akaondoka. Alipita shamba lililovunwa, akapanda kilima cha pili, ambako sauti haifiki. Tulikubaliana kwamba ikiisha Yamna ataanika shuka jeupe juu ya paa. Kwa umbali ule alikuwa kidoa cha kanzu ya kahawia, ameketi ametupa mgongo kwetu.

Daktari Ibtisam aliingia bila viatu. Miludi alikuwa ameoga asinuke baruti, amevaa nguo asiyoivaa kupigia baruti, akaketi sakafuni akachukua kichwa cha Lashhab mapajani. Yamna alimlowesha midomo kwa kitambaa. Mimi nilisimama mlangoni. Daktari alisema sindano ni mbili, ya kwanza ya usingizi, na hakuna haja ya haraka. Aliipiga shingoni, taratibu. Sote tukangoja.

Na katika kungoja kule Lashhab aliinua kichwa kutoka mapajani mwa Miludi. Aligeuza masikio kuelekea mlangoni, nilipokuwa mimi. Hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akitazama nyuma yangu. Alitoa sauti ndogo ya chini, ile anayoitoa Buazza anapokuja na shayiri, akangoja, akaitoa tena. Miguu ya mbele ikakunjika kujaribu. Miludi alikuwa analia na huku anamwambia, "Lala, mzee, lala, anakuja." Usingizi ulimshika masikio bado yakiwa mbele. Sindano ya pili hakuijua.

Yamna akapanda paani na shuka.

Buazza alichukua muda mrefu kufika. Vijana wa kikosi walikuwa wamesimama nje ya ukuta, kofia mkononi, wamemaliza kuchimba. Alipita katikati yao, akaingia bandani, akachuchumaa. Alimsafisha Lashhab vumbi puani kwa ncha ya mkono wa kanzu. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Dada. Alinitafuta?"

Miludi alitazama sakafu. Daktari alikuwa anafunga mkoba wake, akaacha kuufunga.

"Hapana," nikasema. "Alilala tu. Hata kichwa hakuinua."

Nilingoja aniulize mara ya pili. Nilingoja amwite Miludi pembeni, kisha Yamna, kisha yule binti, kila mmoja peke yake, ayalinganishe maneno yetu kama alivyofanya maisha yake yote. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga nitakavyowaambia kwa macho wakubaliane nami. Buazza akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Alhamdulillahi, afadhali," akaenda kunawa mikono ili tumzike.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuniamini kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa la uongo.